Nyumba Yetu Mikononi mwa Wengine



Katika mikutano yetu ya akina mama, tunapofundishana habari za nyumba, kwa kawaida tunazungumzia nyumba tunamoishi: jiko, usafi, malezi ya watoto, amani kati ya mume na mke. Leo tunaomba tuzungumzie nyumba nyingine, ile tusiyolala ndani yake. Ni nyumba tuliyoijenga kwa jasho, tofali baada ya tofali, kisha tukaipangisha ili itusaidie ada za watoto, na mwisho tukaikabidhi kampuni iisimamie kwa niaba yetu. Wengine wetu hatuna nyumba ya kupangisha, bali sisi ndio wapangaji, na kila tukienda kulipa kodi tunamkuta kijana wa ofisini, si mwenye nyumba. Jambo hili linatuhusu sote.

Tunaandika kwa sababu limetupata sisi wenyewe, na katika hilo hatukuwa bila kosa.

Jinsi tulivyoiacha nyumba

Mnamo Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma. Familia nyingi za watumishi zilifunga mizigo. Baba watoto alihama na wizara yake mwaka 2017, nasi tulio wauguzi tukahangaikia uhamisho hadi tukamfuata mwaka 2018. Nyuma yetu, huko Kimara, Dar es Salaam, tuliacha nyumba ya vyumba vitatu na sebule, na uani banda la vyumba viwili lenye choo chake.

Mwanzoni tulimtumia dalali. Dalali kazi yake ni kumleta mpangaji. Akishapokea kodi yake ya mwezi mmoja, humwoni tena mpaka mpangaji huyo ahame. Bomba likipasuka usiku, simu inaita Dodoma. Mpangaji akichelewesha kodi, ni sisi wa kupanda basi, zaidi ya kilometa 400, kwenda kumdai. Tulichoka.

Ndipo jirani mmoja akatuambia kuwa mtaani kwetu imefunguliwa kampuni inayosimamia nyumba za watu. Tukaenda kuiona. Walikuwa na ofisi yenye meza, kompyuta, muhuri na vijana wawili wenye heshima. Walitueleza kazi yao vizuri: kutafuta wapangaji, kuandikishana nao mkataba, kukusanya kodi, kuituma benki, kuita mafundi, kutatua ugomvi wa wapangaji, na kumpokea ufunguo anayehama. Malipo yao yangekuwa asilimia 10 ya kodi. Tulisaini karatasi moja, ukurasa mmoja tu, tukarudi Dodoma tumefurahi.

Na kweli fedha zilikuja. Kila miezi sita ziliingia benki bila kuchelewa. Tukamshukuru Mungu, tukatoa na fungu la kumi la kodi ile. Hatukuuliza neno jingine. Kwa miaka miwili na zaidi hatukukanyaga uani kwetu.

Siku tuliyokwenda harusini

Mwezi Juni 2021 tulikuja Dar es Salaam kwenye harusi ya mtoto wa dada yetu. Siku ya Jumatatu, kabla ya kurudi, tulisema tupite tu tukaisalimu nyumba.

Harufu ilitupokea getini. Chemba ya uani ilikuwa imefurika, na maji machafu yalitiririka kando ya ukuta mpaka mbele ya mlango wa banda, mahali ambapo watoto wawili walikuwa wakicheza na vifuniko vya chupa. Tenki la maji halikuwa na mfuniko. Tulipanda juu ya tofali tukachungulia ndani: viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikiogelea, na chini kulikuwa na tope la kijani. Maji yale ndiyo yaliyokuwa yakichotwa kwa kunywa na kupikia. Wavu wa dirisha la banda ulikuwa umechanika wote.

Mama mpangaji alitoka ndani amembeba mtoto wa kiume wa miaka sita hivi, mikono yake myembamba kama vijiti.

"Shikamooni. Mnamtafuta nani?"

"Marahaba, mwanetu. Sisi ndio wenye nyumba."

Alinyamaza kidogo, akatutazama, kisha akatuletea viti. Alituambia mtoto ametoka hospitali wiki iliyopita. Alilazwa siku tisa kwa homa ya matumbo. Tuliona kadi yake ya hospitali. Tuliisoma kama tunavyosoma kadi za wagonjwa wetu kila siku, lakini siku hiyo mikono ilikuwa inatetemeka.

"Mbona hukutupigia simu, mwanetu?"

"Nilimwomba yule kaka wa ofisini namba yenu, mama. Akasema wenye nyumba hawataki kusumbuliwa. Nimeripoti habari ya choo mara nne."

Tukamwuliza habari ya kodi. Sisi tulikuwa tunapata shilingi 80,000 kwa mwezi kwa kila chumba cha uani, kabla ya kukatwa ile asilimia 10. Alitutolea risiti zake ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa analipa shilingi 110,000. Kodi ilipandishwa miezi kumi na minne nyuma, na aliambiwa kwamba ni sisi tuliotaka ipandishwe.

Hatuwezi kuapa mbele ya Mungu kwamba homa ya mtoto yule ilitoka katika tenki letu. Mtoto hula na kunywa mahali pengi. Lakini sisi tumefundisha akina mama kliniki kwa miaka zaidi ya ishirini kwamba homa ya matumbo huenezwa na maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Kama uani ule ungekuwa wa mtu mwingine, tungesema pale pale ni nini kimemwuguza mtoto. Kwa nini tusiseme kwa kuwa ni wa kwetu?

Ofisini, na nyumbani

Tulikwenda kwenye kampuni. Kijana alikuwa na adabu ile ile ya siku ya kwanza. Alifungua faili, akatoa ile karatasi yetu ya ukurasa mmoja, akatuomba tuisome. Iliandikwa kwamba kampuni itatafuta wapangaji, itakusanya kodi, na itamlipa mwenye nyumba kiasi kilichokubaliwa. Habari ya matengenezo haikuwamo. Habari ya kukagua nyumba haikuwamo. Hata kiasi gani mpangaji atatozwa hakikuandikwa. Yote tuliyoelezwa kwa mdomo siku ile yalibaki mdomoni. Saini chini ilikuwa yetu.

Usiku ule, kwa dada yetu, kulikuwa na maneno kati ya mume na mke. Fundi alikuwa ametuambia kwamba kunyonya shimo na kulijenga upya, kununua tenki lenye mfuniko, kuweka nyavu na kusawazisha mfereji kungegharimu shilingi 1,900,000. Fedha ya kodi iliyokuwa benki ilikuwa ada ya binti yetu chuoni. Baba watoto alisema kazi hiyo ni ya kampuni, wadaiwe wao, hata kama ni mahakamani. Tulimjibu kwamba mahakama itachukua miezi, na yule mtoto atakunywa maji kesho asubuhi. Akasema, "Na binti yetu asisome?" Hakuna aliyelala vizuri.

Asubuhi ni yeye aliyeanza. Alisema, "Tulitoa fungu la kumi la kodi ile. Basi tuitoe na ile iliyobaki." Ada ya binti tulikopa kwenye kikoba cha akina mama, tukairudisha kwa miezi kumi.

Ile kampuni tuliiita mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mzee mmoja wa kanisa. Katika kikao hicho walikubali kurudisha nusu ya fedha waliyoizidisha kwa wapangaji wa vyumba viwili, yaani shilingi 420,000, kwa mafungu matatu. Tuliwapa wapangaji wote wawili. Nusu ya pili tuliibeba sisi, kwa kuipunguza katika kodi zilizofuata. Mkataba wetu na kampuni tukauvunja kwa notisi.

Mtoto alipona. Mkataba wa mama yake ulipokwisha, walihama. Hatukumlaumu.

Yale ambayo karatasi lazima iseme

Baada ya hayo hatukusema kwamba kampuni zote ni mbaya. Kwa mtu aliye mbali, mjane, mgonjwa au mtumishi anayehamishwa, msimamizi mwaminifu ni msaada mkubwa. Leo nyumba yetu inasimamiwa na kampuni nyingine ndogo ya watu wa eneo lile lile. Nao hukosea, lakini tunajua wamekosea wapi, kwa sababu safari hii tuliandika. Tukumbuke pia kwamba sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, kiasi cha kodi ni mapatano ya watu wenyewe, na mengi hutegemea kilichoandikwa kwenye mkataba.

Haya ndiyo tuliyojifunza kuyaandika:

1. Malipo ya kampuni. Iandikwe ni asilimia ngapi, na inakatwa kwenye fedha iliyokwisha kupokelewa, si kwenye kodi ambayo mpangaji bado hajalipa. Kama wana malipo mengine ya kumtafuta mpangaji mpya, yatajwe.

2. Kodi ya mpangaji. Kiasi kiandikwe, na kisipandishwe bila barua yenye saini yetu. Nakala ya kila mkataba wa mpangaji na ya kila risiti itufikie.

3. Akaunti. Fedha za wapangaji zikae katika akaunti ya pekee, zisichanganywe na mishahara na mafuta ya gari ya kampuni. Kampuni nyingi zinaanguka hapa bila hata kukusudia wizi: wanaazima leo, kesho hawana cha kurudisha.

4. Amana. Mpangaji akitoa fedha ya tahadhari kwa ajili ya uharibifu, iandikwe inawekwa wapi, na atarudishiwa ndani ya siku ngapi baada ya kuhama.

5. Matengenezo. Tulipatana kwamba ubovu mdogo, usiozidi shilingi 100,000, kampuni iutengeneze mara moja na kutuletea risiti. Unaozidi hapo watupigie simu kwanza. Lakini choo, maji, umeme unaopiga shoti na paa linalovuja visisubiri zaidi ya siku mbili.

6. Ukaguzi. Kila baada ya miezi mitatu kampuni ipite, ipige picha za choo, tenki, chemba, waya za umeme na paa, itutumie. Simu za siku hizi zimefanya jambo hili kuwa rahisi.

7. Namba yetu ya simu. Mpangaji awe nayo. Hatutaki tena mtu aseme kwa niaba yetu kwamba hatutaki kusumbuliwa.

8. Kuvunja mkataba. Iandikwe notisi ya muda gani inatosha, na siku ya mwisho kampuni irudishe nini: funguo, mikataba, amana na hesabu.

Jambo jingine dogo linaloleta ugomvi mkubwa ni LUKU. Mwaka 2021 serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme, kwa kuanzia shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na baadaye viwango vikapandishwa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, basi yeye ndiye anayekatwa. Andikeni katika mkataba kwamba fedha hiyo itapunguzwa kwenye kodi ya nyumba. Ni fedha kidogo kwetu, lakini mpangaji akirudishiwa bila kudai, anajua anaishi kwa watu wa haki.

Nyumba kwa macho ya muuguzi

Tungeomba kila mama mwenye chumba cha kupangisha akitazame kama tunavyomtazama mgonjwa anayeingia wodini, kuanzia juu hadi chini.

Tenki la maji liwe na mfuniko unaofunga, nalo lisafishwe angalau mara mbili kwa mwaka. Shimo la choo linyonywe kabla halijajaa, si baada ya kufurika, hasa kabla ya masika, na lisiwe karibu na kisima. Katika miji yetu kipindupindu kimetuzuru mara nyingi, na kila mara kinatafuta njia hii hii ya choo kwenda kwenye maji. Mfereji wa maji ya kuogea usituame, maana mbu huhitaji maji kidogo tu na siku chache kuzaliana.

Madirisha yafunguke. Tumeona mabanda ya uani yenye tundu moja juu karibu na dari, na ndani wanalala watu watano. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa. Chumba kisichopitisha hewa kinamgawia kila aliyemo. Chumba hicho hicho, msimu wa baridi au mvua, mpangaji akiingiza jiko la mkaa na kufunga mlango, moshi wake usioonekana unaweza kuua familia nzima usingizini. Mwonyeni mpangaji, lakini pia mpeni mahali pa kupikia penye paa, ili asilazimike.

Mwisho, ngazi na baraza za juu ziwe na vizuizi imara, vyenye nafasi ambayo kichwa cha mtoto hakipiti. Neno la Mungu halikulisahau hata hili. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo darini, ili asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka. Haisemwi kwamba hatia ni ya fundi, wala ya msimamizi. Ni ya mwenye nyumba.

Jengo moja, wenyewe wengi

Siku hizi wako akina mama ambao hawakununua kiwanja, bali sehemu ya ghorofa: vyumba vitatu katika jengo lenye familia nyingine kumi na tano. Hapo mambo ni tofauti kidogo. Ndani ya mlango wako ni kwako. Lakini ngazi, paa, pampu ya maji, shimo la maji taka, taa za nje na uzio ni vya wote. Sheria Na. 16 ya mwaka 2008, inayohusu kumiliki sehemu ya jengo, inataka wamiliki wawe na chama chao cha kutunza vitu hivyo vya pamoja na kukusanya michango ya kuvitunza.

Dada mmoja wa kwaya yetu ni mtunza hazina wa chama kama hicho. Alitueleza walivyoanza. Kwa miaka mitatu kila mmoja alisema pampu ni ya wote, maana yake si ya mtu. Ilipoungua, mama mjamzito wa ghorofa ya nne alipandisha ndoo ngazini kwa wiki mbili. Ndipo wakaitana, wakakubaliana mchango wa kila mwezi, na kuajiri kampuni ya kusimamia usafi, ulinzi, pampu na kukusanya michango.

Tulimwuliza, kampuni hiyo inawasumbua? Alicheka. "Kampuni haitusumbui. Wanaosumbua ni sisi tusiokuja mkutanoni." Alisema mambo matatu yamewasaidia. Kwanza, akaunti ya benki ni ya chama, si ya kampuni, na hundi haiendi bila saini tatu. Pili, kila mwezi hesabu inabandikwa ukutani chini ya ngazi, hata majina ya wanaodaiwa. Mwanzoni ilileta kelele, sasa imeleta malipo. Tatu, kila mwaka wanatenga sehemu ya mchango isiyoguswa, kwa ajili ya mambo makubwa kama paa na pampu, ili siku ya shida wasianze kuchangishana huku maji yamekatika.

Kampuni ni mtumishi wa chama. Chama kikilala, mtumishi atakuwa bwana, si kwa ubaya wake, ila kwa sababu hakuna anayemwuliza.

Neno kwa mama aliyeolewa

Tumewasikia akina mama wakisema, "Mambo ya nyumba ya kupangisha ni ya baba, mimi sijui hata wapangaji ni wangapi." Dada zetu, hiyo si unyenyekevu. Siku baba anapolala hospitalini au Bwana anapomwita, ni wewe utakayekaa mbele ya yule kijana wa ofisini, na yeye atakuwa na faili, wewe huna.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata na kumiliki mali. Tena nyumba ya ndoa, yaani ile familia inamoishi, mume hawezi kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ridhaa ya mumewe. Hatusemi haya ili mkagombane. Tunasema mkae pamoja, jioni moja tu, mweke mezani hati, mikataba, majina ya wapangaji na karatasi ya kampuni, na wote wawili msome. Mkataba na msimamizi uwe na saini zote mbili. Na watoto wakubwa wajue faili liko wapi.

Neno kwa mama mpangaji

Nawe mama uliyepanga, usione haya kuuliza. Dai mkataba ulioandikwa, na risiti ya kila fedha, hata ya LUKU. Uliza jina la mwenye nyumba; kijana anayekusanya kodi aonyeshe barua ya kumruhusu. Kabla ya kuingia, andikeni pamoja hali ya chumba: kioo kilichopasuka, kitasa kibovu, ili usije kulipishwa ulichokikuta. Ukiripoti ubovu, ripoti kwa maandishi, utunze nakala. Mkishindwana, anzeni kwa serikali ya mtaa. Likizidi, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, chombo kilichowekwa chini ya sheria ya mwaka 2002 kusikiliza migogoro ya ardhi na nyumba.

Nawe tunza nyumba ya watu. Mafuta na pedi visitupwe chooni, na maji yasiachwe yakimwagika kwa kuwa bili si yako. Shimo hujazwa na wanaolitumia.

Mwanamke wa Shunemu

Wengi tunamjua mwanamke wa Shunemu kwa chumba kidogo alichoshauriana na mumewe wamjengee Elisha juu ya nyumba, wakaweka kitanda, meza, kiti na taa. Ni somo zuri la ukarimu. Wachache tunakumbuka mwisho wa habari yake, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme sura ya 8. Kwa ajili ya njaa aliiacha nyumba yake miaka saba, akakaa ugenini. Aliporudi, nyumba na shamba vilikuwa mikononi mwa wengine. Hakunyamaza, alikwenda mwenyewe mbele ya mfalme kudai. Na mfalme alimweka mtu mmoja amrudishie vyote vilivyokuwa vyake, pamoja na mapato ya shamba tangu siku aliyoondoka.

Zamani tulimsoma mama huyu kama mtu aliyedhulumiwa, tukajiweka upande wake. Baada ya siku ile ya Juni tunamsoma na kujiuliza pia tuko upande gani. Sisi tulidhulumiwa shilingi 30,000 kwa chumba kwa mwezi, na tulikasirika sana. Yule mama wa uani alilipa hizo 30,000, akaripoti choo mara nne, akalaza mtoto siku tisa, na katika mambo hayo yote jina lililotajwa kwake lilikuwa letu.

Sasa kila tunapokuja Dar es Salaam, kwanza tunapita Kimara kabla ya kwenda kwa ndugu. Tunagonga hodi uani, tunawasalimu wapangaji, tunafunua mfuniko wa tenki. Mwezi uliopita tulikuta maji safi, tukaona nyuso zetu ndani yake. Mtoto mmoja akauliza mama yake, "Hawa ni akina nani?" Mama yake akamjibu, "Ndio wenye nyumba."

Kwa mazungumzo katika vikundi:

1. Ni nani katika kikundi chetu aliyekabidhi nyumba yake kwa kampuni au dalali? Je, amewahi kukutana na wapangaji wake uso kwa uso?

2. Someni Luka 16:1–13. Msimamizi wa nyumba yetu anapaswa kutupa hesabu gani? Na sisi tutampa Mungu hesabu gani ya watu wanaolala chini ya paa letu?

3. Kila mmoja aseme ni lini mara ya mwisho alifunua tenki la maji la nyumba yake.

Bwana awabariki, na awalinde mnapotoka na mnapoingia.